Kuku Ambaye Hakuwemo Katika Jedwali

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mwalimu wa Fasihi anasema mwandishi asiye na shajara ni kama mpishi asiye na kijiko. Sasa ninacho kijiko.

Hali ilivyo, kwa kifupi, ili nitakapokuwa maarufu watu wasipate tabu. Mama amelazwa. Wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha karibu na sinki. Ana uvimbe tumboni. Daktari alimwambia Baba kwamba uvimbe wenyewe si tatizo, unapasuliwa na kutolewa. Tatizo ni kwamba Mama hali. Amekonda, damu imeshuka, na yeye daktari hawezi kumpasua mtu ambaye hata upepo wa feni unaweza kumwangusha. Ale, apate nguvu, ndipo apasuliwe. Asipokula, uvimbe hautamsubiri.

Baba alirudia maneno hayo nyumbani akiwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Baba ni fundi saa. Hajawahi kufika popote kwa wakati.

Leo Mama alikula vijiko viwili vya uji, akageukia ukuta. Alisema kila kitu kina ladha ya chaki. Nikamuuliza amejuaje ladha ya chaki. Hakucheka. Zamani angecheka.

Lazima kuna njia. Nafikiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Na imetoka kwenye kipindi cha Fizikia, mahali ambapo sikutarajia kupata chochote.

Mwalimu wa Fizikia alifunga kufuli kwa uzi, akalining'iniza kwenye msumari juu ya ubao. Chini yake akafunga uzi mwingine na kufuli la pili. Akayavuta pembeni, akayaachia. Yakabembea, yakapinduka, yakafanya vituko. Akayarudisha palepale, akahakikisha kwa rula, akayaachia tena. Safari hii yakafanya vituko vingine kabisa, na lile la chini likampiga kwenye miwani. Darasa likaangua kicheko. Hakujali. Alisema, huku ameshika jicho, kwamba hiyo ndiyo nadharia ya vurugu. Kanuni zipo, haijavunjwa hata moja. Lakini tofauti ya unywele mwanzoni inakua na kukua, mpaka mwisho haubashiriki tena.

Kipindi kilichofuata, Fasihi. Mwalimu wa Fasihi akasema hadithi nzuri ni kichwa kilichosukwa vizuri: kila unywele una mahali pake, hakuna unaoning'inia. Tukio lizae tukio.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza mwenye haki ni nani basi, kufuli au nywele. Akaniambia nisimletee mambo ya maabara.

Nimelitatua mwenyewe njiani. Kosa la Mwalimu wa Fizikia ni kuliachia kufuli. Mimi ni mwandishi. Sitaliachia! Nitalishika mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mpango: nitamwandikia Mama hadithi ya sura kumi na mbili. Kila jioni nitamsomea sura moja, lakini bakuli likiwa tupu tu. Uji haujaisha, hadithi haianzi. Mama hawezi kuvumilia kutojua jambo. Kwa dobi anakopiga pasi, hupekua mifuko ya mashati ya watu, si kuiba, ila ajue mwenye shati alikwenda wapi.

Jedwali limekamilika kwenye karatasi ya manila. Bluu ni sababu, nyekundu ni matokeo. Mshonaji anapoteza pete aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mhasibu mwaminifu anaiokota. Anamtafuta mwenyewe kwa utaratibu, mtaa baada ya mtaa, sura ya tatu hadi ya kumi na moja. Sura ya kumi na mbili, ndoa. Hakuna unywele unaoning'inia!

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi! Mama alikunja uso kama anayemeza misumari, lakini alimaliza bakuli. Nikasoma sura ya kwanza. Wodi ikanyamaza. Hata bibi wa dirishani, ambaye huzungumza na marehemu mume wake kutwa nzima, alimwambia mumewe anyamaze kwanza.

Mmoja tu hakunyamaza. Kwenye kitanda kinachopakana na cha Mama analala mwanamke mnene mwenye kidonda mguuni, kisichopona kwa sababu ya sukari. Anauza viatu vya mitumba, na sauti yake imezoea kushindana na soko zima. Wodini wanamwita Mama Redio kwa sababu hazimiki. Nilipofika pale pete inapodondoka, alitangaza kwamba itaokotwa na kijana mpole mwenye shati la mikono mirefu. Amejuaje? Wodi ikacheka. Nikasema kubashiri hakuruhusiwi. Akaomba radhi. Alisema, samahani Katibu, endelea na kikao.

Katibu!

Lakini Mama alitabasamu. Nimeliandika hilo kwenye jedwali kwa kijani. Ilibidi nianzishe kijani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Nilifika na sura ya pili. Mama alikuwa amekwisha kula. Bakuli tupu, limekombwa kwa kidole! Nikafurahi kwa muda wa kuvua mkoba. Ndipo Mama akaniuliza kuku amefika wapi.

Kuku gani?

Kumbe asubuhi, mimi nikiwa shuleni, wodi ilishindwa kusubiri. Mama Redio akajitolea kuwasogezea hadithi kidogo. Alisema pete ilipodondoka haikuokotwa na mtu. Ilimezwa na kuku.

Jedwali langu halina kuku. Halina mnyama wa aina yoyote.

Na sasa mji mzima unamfukuza kuku huyo kwa visu, kila mtu anataka kumpasua tumbo atoe pete. Kuku ni mguu niponye. Amepita msibani, akala wali wa waombolezaji. Amepita mahakamani, akapanda kiti cha hakimu, na watu wawili wakaachiwa huru kabla hajashushwa. Nikauliza, kwa utulivu, Mhasibu yuko wapi. Mama Redio akasema ah, yule alitumbukia kisimani, hakuna aliyegundua, alikuwa kimya mno.

Mhasibu wangu!

Wodi ilicheka mpaka Sista akaja kuangalia kuna nini. Sista ndiye mkuu wa wodi. Ni mtu wa utaratibu, viatu vyake havitoi mlio. Nilimtazama kama mtu anayemtazama ndugu yake. Naye alikuwa anacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna shule. Nilifika mapema na sura maalumu ya kurekebisha mambo. Mshonaji anaamka asubuhi na kutambua kwamba kuku alikuwa ndoto. Kwa ufupi. Kwa heshima. Nilimpa kuku hata maneno mazuri ya kuagwa.

Bibi wa dirishani alilia. Mama akaweka kijiko chini, sahani ikiwa nusu. Alisema ameshiba. Mkono wake ulipotua kwenye shuka niliona mifupa yote, mmoja mmoja.

Mara Mama Redio akasema, bila kuniangalia, kwamba ni kweli Mshonaji aliamka, akamshukuru Mungu, akaanza kutandika kitanda. Akainua mto. Chini ya mto akakuta unyoya.

Wodi ililipuka! Wenye mikono mizima walipiga makofi, wasio nayo walipiga vitanda. Mama akachukua kijiko.

Kwa unyoya mmoja! Mimi nimeandika kurasa tisa.

Baadaye nilimuuliza Mama anaona nini kwa yule kuku. Alikuwa anakunja pindo la shuka na kulipiga pasi kwa kiganja, kama anavyofanya na kila kitambaa. Alisema, mwanangu, wote wanataka kilichomo tumboni mwake tu, hakuna anayemuuliza habari nyingine, na bado anatembea. Nikamwambia kuku hana habari nyingine. Akasema basi, nimwache alale kidogo.

Sijaelewa. Nadhani ni dawa.

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa! Mama ameongezeka uzito. Damu inapanda. Daktari amesema upasuaji ni Ijumaa. Baba alizitazama saa tatu alizovaa, zote za wateja, akasema Ijumaa ni karibu, kisha akasema ni mbali, kisha akaenda kusimama kwenye ngazi peke yake.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Hadithi niliianzisha mimi, kwa hiyo sifa ni zangu.

Lakini. Daktari, alipokuwa anaondoka, alisimama kwenye kitanda cha Mama Redio akamuuliza kuku anaendeleaje. Daktari! Msomi! Alijibiwa kwamba kuku amejiunga na kwaya. Na Mama alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kushika mbavu, ambacho nilikuwa nimekitafuta kwa sura nne. Sikukipata mimi.

Na je, Ijumaa ikifika na mambo yako hivi? Mama ataingia kwenye kisu akiwa na kichwa kilichojaa kuku? Vurugu hukua. Mwalimu wa Fizikia amesema. Nilimfuata baada ya kipindi, nikamuuliza kama mfumo wa makufuli unaweza kutulizwa. Akasema ni rahisi: ukiliondoa la chini, la juu litabembea kistaarabu, na kila kitu kitabashirika. Akauliza ninataka kufanya nini. Nikasema utafiti.

Unywele tu. Msukumo mdogo, mahali panapofaa.

Nilimwambia Sista, kwa heshima zote, kwamba nimemsikia Mama Redio akikohoa. Ni kweli alikohoa. Alipaliwa na chai. Sista hataki mchezo na kikohozi: mwenye nacho hupimwa, na anayepimwa hutengwa mpaka majibu yatoke. Siku chache tu, Ijumaa ipite. Nimefanya kwa nia njema kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Mama Redio aliondolewa jana asubuhi kwenye kiti cha magurudumu, anapunga mkono kama kiongozi wa nchi. Nasikia alikuwa anapiga kelele kwamba kuku amekamatwa, kuku amekamatwa, msilale!

Mpaka hapo, sawasawa na jedwali.

Kisha Sista akafikiri. Ikiwa Mama Redio anakohoa, waliolala karibu naye nao wapimwe. Na waliolala karibu na hao. Wodi nzima imefungwa! Hakuna kuingia wala kutoka. Dawa inapulizwa kila pembe, na harufu yake nimeisikia mimi nikiwa getini. Mlinzi ameambiwa asipitishe hata nzi. Nilimwachia chupa ya uji ampelekee Mama. Nilipogeuka alikuwa anaionja.

Nilizunguka nyuma ya jengo. Ghorofa ya pili, dirisha la sinki. Mama alisimama pale, mdogo kama mtoto aliyevaa gauni la mtu mwingine. Nilimpungia. Akapiga viwiko vyake mbavuni, mara kadhaa, kama mabawa. Alikuwa anamuulizia kuku.

Mlinzi, aliyenifuata, aliuliza kama yule ni mgonjwa wa akili. Nikasema ni mama yangu. Akasema pole.

Ijumaa, 14 Machi

Baba alivaa shati lililopigwa pasi akafika hospitali kabla ya wafagiaji. Mara yake ya kwanza maishani kuwahi. Upasuaji umeahirishwa. Mgonjwa wa wodi iliyofungwa haruhusiwi kuingia chumba cha upasuaji, na nafasi ya Mama amepewa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwambia Baba. Aliketi kwenye benchi mpaka adhuhuri, saa za watu zikigonga mikononi mwake.

Sista alishuka kuzungumza naye. Alisema tangu Jumanne Mama hali. Analala ameelekea kitanda kitupu.

Baba alivua kile kioo cha jichoni anachotazamia ndani ya saa, akakifuta, akakivaa, akakivua tena. Aliniuliza kama mimi nina wazo lolote, maana mimi ndiye mwenye akili nyumbani. Sikuona sababu ya kumchanganya kwa maelezo ya kitaalamu.

Kasoro imegunduliwa: jedwali halikuwa na safu ya majirani wa vitanda wala safu ya walinzi. Nimeziongeza. Nilikosa safu mbili tu!

Jumapili, 16 Machi

Majibu yametoka. Hakuna mwenye ugonjwa wowote wa kifua. Wodi imefunguliwa. Mama Redio hajarudishwa, kwa sababu anayetakiwa kusaini arudishwe yuko likizo.

Mashavu ya Mama yamezama. Daktari hakumuuliza mtu yeyote habari za kuku. Alisema uvimbe umekua, Alhamisi atampasua alivyo, hawezi kungoja zaidi. Kila kijiko atakachokula kabla ya hapo ni chake.

Nikajikaza. Nilisoma sura ya tano, ambamo Mhasibu (nimemtoa kisimani) anauliza katika mtaa wa nne. Mama hakula. Niliisoma tena, polepole. Alifumba macho. Si kwa usingizi.

Kwa hiyo nimemeza fahari yangu. Nilikwenda kwenye wodi ya waliotengwa, chumba kimoja nyuma ya pale shuka zinapochemshwa, chenye wavu dirishani. Mama Redio alikuwa ameketi kitandani peke yake, kimya. Sikujua kwamba anaweza. Aliponiona akasema, karibu Katibu, kikao kimekosa akidi.

Aliniuliza ni nani aliyemsemea kwa Sista. Nikasema duniani watu ni wengi. Akasema kweli, na wengine wana masikio makali, maana yeye mwenyewe hakujisikia akikohoa. Kisha akauliza jambo moja tu: mwenzangu anakula? Nikasema hali. Akasogea kwenye wavu akaanza kusimulia, haraka haraka, mkono mmoja umeshika mguu wenye kidonda. Kuku alitoroka rumande ndani ya kofia ya askari. Yuko kwenye lori la vitunguu, wote waliomo wanalia na hakuna anayejua kama ni vitunguu au ni uchungu.

Nilimpelekea Mama. Nilirekebisha kidogo tu. Kofia ya askari haiwezi kubeba kuku mzima, nikaweka kikapu. Kilio nikakitoa, hakikuwa na sababu.

Mama alikula nusu bakuli! Halafu akasimamisha kijiko. Alisema, hapa pamefagiliwa. Mama Redio hafagii.

Jumanne, 18 Machi

Mama Redio amenipa mwisho wa hadithi.

Hakuwa mzima. Uso ulikuwa umevimba, jasho linamtiririka na chumba ni baridi. Alirudia baadhi ya maneno. Alisema sindano yake ya sukari imepita saa yake bila kuchomwa, kwamba huku alikotengwa hakuna anayemjua, faili lake lilibaki juu kwenye meza ya Sista siku alipohamishwa. Akaniomba nimwambie Sista. Nikasema nitamwambia.

Kisha akaniita nisogee. Mwisho ni huu. Kuku amekamatwa. Yuko juu ya meza, mji mzima umezunguka, kisu kimenolewa. Mwenye kisu anainua mkono. Kuku anamtazama. Halafu anataga. Yai linabiringika, linapasuka, na ndani yake mna pete. Watu wanaigombania, wanapigana, wanararuana mashati. Hakuna anayemkumbuka kuku. Anashuka mezani, anajikung'uta, anatoka kwa mlango wa mbele.

Alinishika kidole kupitia wavu. Alisema nimpelekee mwenzake hivyo hivyo, kabla ya Alhamisi. Nisipige pasi.

Nimefikiria jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Haliwezekani. Pete ikimezwa huenda kwenye firigisi. Yai hutoka njia nyingine kabisa. Ni mifumo miwili! Nimemuuliza Mwalimu wa Biolojia na amethibitisha. Siwezi kumdanganya mama yangu kuhusu maumbile ya kuku siku mbili kabla ya upasuaji.

Nilikusudia kwenda kwa Sista mara moja. Lakini kwanza ilibidi niandike mwisho sahihi, wakati mawazo bado yana moto. Nilipomaliza, Sista alikuwa ametoka zamu. Nimeweka kwenye jedwali: Kesho, faili. Kwa bluu.

Jumatano, 19 Machi

Mama Redio amefariki alfajiri.

Nilifika pale dirishani na godoro lilikuwa limeinuliwa, limeegemezwa ukutani. Mwanamke wa usafi alikuwa anapiga deki. Alisema ni sukari. Alisema aliita sana, ana sauti yule mama, lakini mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma.

Niliketi kwenye ngazi. Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango, vya mitumba, vizuri, kimoja kimelala ubavu. Nilikisimamisha.

Nimelichunguza jambo hili kwa pande zote. Faili lilibaki juu, mgonjwa yuko chini. Huo ni ukosefu wa utaratibu, jambo ambalo nimelipiga vita tangu tarehe nne. Laiti kila mtu angekuwa na jedwali.

Jioni nilimwambia Mama kwamba Mama Redio ameruhusiwa kwenda nyumbani. Alifurahi. Alisema yule hakosi kuuza viatu njia nzima. Kisha akaniuliza kama aliacha neno lolote kuhusu kuku.

Nikamsomea mwisho. Ni kazi yangu bora kuliko zote. Kuku anakamatwa kwa utaratibu. Anapasuliwa na mtaalamu. Pete inatolewa, inaoshwa, inakabidhiwa kwa Mhasibu, anayemvisha Mshonaji, na kwenye karamu ya harusi kuku anapakuliwa na watu wote wanashiba. Bluu zote zimepata nyekundu zake.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameweka bakuli sakafuni. Lilikuwa limejaa. Aliuliza kama kuku aliumia. Nikasema haikutajwa.

Alilaza mikono yake miwili juu ya tumbo, akageukia ukuta.

Alhamisi, 20 Machi

Ninaandika kwenye benchi la ukumbini. Baba yuko pembeni yangu. Ameziweka saa zote zionyeshe wakati mmoja, na sasa anaogopa kuzitazama.

Wamemchukua Mama asubuhi. Machela ilisimama kidogo mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kwa sababu gurudumu moja lilikuwa linavuta upande. Mama akainua kichwa, akaniita kwa mkono. Niliinama. Alinuka sabuni. Alisema hataki kunisumbua, anataka kujua jambo moja tu: je, ni kweli Mama Redio ndivyo alivyomaliza? Kwa kuku kupasuliwa na kuliwa?

Nilifikiri haraka. Ningesema hapana, angetaka kusikia ule mwisho mwingine, na pale mlangoni hapakuwa na muda wa kumweleza mifumo miwili. Angeingia amechanganyikiwa. Mtu anayepasuliwa anahitaji kujua kwamba mambo yana mpangilio.

Nikasema ndiyo, Mama.

Akasema haya. Akaachia mkono wangu. Gurudumu likanyooka, mlango ukafungwa.

Kabla ya hapo, jana shuleni, nilimuuliza Mwalimu wa Fizikia swali la mwisho. Kufuli ambalo halikuachiwa, likashikwa mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, je, lingefanya nini? Alisema kufuli la namna hiyo halibembei. Halifanyi lolote, huo ni mkono tu. Nimeichukua kama pongezi.

Mpango wa sasa: Mama akiamka atakuta hadithi mpya, sura ishirini na nne, hakuna kiumbe chochote chenye miguu miwili isipokuwa binadamu. Jedwali lina safu za majirani, walinzi, mafaili, likizo za watia saini, na mashine za kufulia. Sasa halina pa kuvuja. Nina matumaini makubwa. Mlango bado umefungwa.

Lakini kuna jambo dogo. Kutoka hapa naisikia wodi. Kwenye kitanda cha Mama Redio wamelaza mama mgeni, aliyevunjika mkono, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Bibi wa dirishani amemhadithia habari za kuku, na mgeni huyo, ambaye hana hata siku moja hapa, anawaambia kwamba hapana, aliyechinjwa ni kuku mwingine, anafanana naye tu. Yule mwenyewe kaonekana jana stendi, anauliza nauli. Wodi nzima inacheka. Wanapiga vitanda. Na Mama atarudishwa palepale, pua kwa pua naye!

Baba ameuliza nakwenda wapi. Nikasema narudi sasa hivi.

Nimekwenda kwa Sista. Nimemwambia, kwa heshima zote, kwamba yule mama mgeni anajikuna.